Mirungi na Daftari la Maji

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lafaa kukumbukwa kila litajwapo zao la mirungi, au miraa kama waiitavyo ndugu zetu wa Meru huko Kenya. Katika Ethiopia zao hilo huleta fedha nyingi za kigeni, na katika Yemen maelfu ya jamaa hupata riziki kwalo. Fedha hizo huhesabiwa. Lakini maji yatumikayo kuzipata, ni nani ayahesabuye?

Tutazame Haramaya, mashariki ya Ethiopia. Hapo palikuwa na ziwa lililounywesha mji wa Harar kwa miaka mingi. Wakulima wa kandokando walinunua mashine za kuvuta maji, wakamwagilia mirungi na mboga, maana mirungi inyweshwayo wakati wa kiangazi huchipua majani mabichi wakati bei iko juu. Vilima vilivyokatwa miti viliacha udongo ukaporomoka hata ziwani. Mji nao ulikuwa ukikua na kuvuta sehemu yake. Kufikia mwaka 2005 ziwa lilikuwa limekauka, na Harar ikalazimika kutafuta maji katika visima vya mbali, upande wa Dire Dawa.

Gharama ya hasara hiyo haikumwangukia mfanyabiashara aliyepakia majani yake akaenda zake. Ilimwangukia mkazi wa mjini, ambaye hakuwa na shamba wala mashine, lakini mfereji wake ndio uliokauka.

Yemen nayo yatufundisha. Tangu miaka ya 1970 visima virefu vya mashine vimechimbwa kwa wingi katika bonde la Sana'a, na sehemu kubwa ya maji yake huenda katika mirungi. Maji huvutwa kwa kasi kupita mvua iwezavyo kuyarudisha. Basi visima huzidishwa kina, na asiye na fedha za kuchimba hubaki na shimo kavu. Tena ardhi ambayo ingeotesha nafaka imeshikwa na mirungi, hali nchi yanunua karibu ngano yake yote kutoka ng'ambo.

Hatumlaumu mkulima. Mwenye kishamba kidogo na watoto wa kusomesha hawezi kuambiwa arudie mtama usiomlipa. Wala mti wenyewe si adui. Katika vilima vya Nyambene, huko Meru, miti ya miraa ya miaka mingi imesimama pamoja na mazao ya chakula, ikitegemea mvua. Adui ni mashine isiyo na sheria, ambayo mwenye nayo huvuta apendavyo kutoka katika mali ya wote.

Kwa hiyo twasema: maji ya kila kisima na kila ziwa yapimwe, wakulima wenyewe, katika vyama vyao, wapange zamu za kumwagilia, maji ya kunywa yatangulie ya shamba, vilima vipandwe miti, na mazao ya chakula yapewe bei imfaayo mkulima.

Miaka ya karibuni maji yameanza kurudi Haramaya, kwa mvua nzuri na juhudi za kuhifadhi ardhi. Hilo latupa tumaini, lakini si ruhusa ya kuziwasha mashine kama zamani. Ziwa likirudi likute daftari limekwisha kufunguliwa.