"Katizo" Si Jina la Hodi

Kijana mmoja wa hapa Kilwa Kivinje, anayesomea ufundi wa kompyuta, aliniletea daftari lake nimsahihishie Kiswahili. Alikuwa akijieleza mwenyewe, kwa lugha yake, somo alilofundishwa kwa Kiingereza: namna vifaa vya kompyuta vinavyoiita prosesa. Alikuwa ameandika: "Kiendeshi hugawa makatizo." Maneno matatu, na mawili yamempoteza. Simlaumu yeye. Nawalaumu watunga istilahi wanaofungua kamusi ya Kiingereza huku wamefumba macho.

Kukatiza ni nini? Asiye na adabu hukatiza maneno ya mwenziwe. Mwenye shida hukatiza masomo au safari. Kilichokatizwa hakina ahadi ya kuendelea. Ndani ya mashine hutendeka kinyume chake. Kibodi ikibonyezwa, ishara hutumwa. Prosesa humaliza amri iliyo mkononi, huweka alama mahali ilipofika, humsikiliza aliyeita, kisha hurudi palepale. Mama anayesuka ukili uani akisikia sauti mlangoni hafanyi vinginevyo: hushikilia aliposukia, huitikia, humsikiliza mgeni, hurudi kwenye ukili wake. Jambo hilo tuna jina lake, nalo ni hodi. Pasipo hodi, prosesa ingekuwa kama mchuuzi anayeteremka pwani mara kumi kutazama kama mashua zimerudi, ilhali angeweza kuketi barazani akaitwa.

Tazameni jinsi neno hili linavyofungua mengine. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na bawabu mmoja, chipu ya Intel iitwayo 8259, mwenye milango 8. Mwaka 1984 aliongezwa bawabu wa pili, lakini mlango mmoja ulitumika kuwaunganisha wao wenyewe, ikabaki 15 ya wageni. Mlango wa 7 kwa desturi ulikuwa wa printa. Kadi za sauti nazo mara nyingi ziliwekwa wa 5 au huohuo wa 7. Wageni wawili wakigombea mlango usiopangwa kushirikiwa, mashine huduwaa. Fundi alifungua kasha, akahamisha vibanio vidogo kwa mkono, akafunga, akawasha, akaomba Mungu.

Baadaye vifaa viliruhusiwa kushiriki mlango, na hapo ndipo "hugawa" ya kijana wetu inapoanguka. Kiendeshi hakigawi kitu. Hukiendea kiini cha mfumo endeshi kuomba: kifaa changu kitabisha mlango huu, nami nakubali kushirikiana na wenzangu. Kiini ndicho kinachokubali au kukataa. Hodi ikisikika kwenye mlango wa pamoja, kila kiendeshi hukiuliza kifaa chake, "Ni wewe?" Asiyehusika husema si wangu. Katika Linux, zikipigwa hodi 100,000 na zaidi ya 99,900 zikakosa mwenyewe, kiini huufunga mlango ule na kuandika katika kumbukumbu zake kwamba hakuna aliyejali. Siku hizi vifaa vingi vimeacha nyaya hizo. Huandika ujumbe mfupi kwenye anwani maalumu, na kifaa kimoja chaweza kuwa na hodi zake hadi 2,048. Yote haya nilimweleza kijana kwa hodi, mlango na bawabu, naye hakuniomba nirudie.

Nitaambiwa kwamba hodi ni neno la nyumbani, halifai maabara. Waingereza walikopa wapi maneno yao, kama si sebuleni na barabarani? Nasi tumekubali kipanya kisicho na mkia. Rubani aliyekuwa akivusha majahazi kwenye miamba ya pwani hii leo anarusha ndege, na sijasikia abiria aliyelalamika.

Pingamizi zito ni jingine: apigaye hodi aweza kunyimwa ruhusa. Naam, na prosesa pia huziba masikio kwa muda inapofanya kazi isiyotaka kuguswa. Mgeni hungoja nje. Iko ishara moja tu isiyozibiwa masikio, ile ya hatari, kama vile kumbukumbu ya mashine kuharibika. Hiyo haibishi, inaingia. Kama mnalipenda sana neno katizo, lipeni hiyo, ingawa mimi ningeiita mbiu.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitupa OpenOffice ya Kiswahili, kazi ya kuheshimiwa. Tangu hapo tumebaki sebuleni, tukitafsiri "hifadhi" na "funga" juu ya kioo, na chumba cha ndani tumewaachia wengine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitafundishia katika ngazi zote. Kila tarehe 7 Julai twaisherehekea lugha hii kwa ngoma na hotuba. Kijana wangu, hata hivyo, atafanya mtihani wake kwa Kiingereza. Ataandika sentensi aliyoikariri, atapata alama, na mashine itakapoduwaa mbele yake hatajua aanzie mlango gani.

Daftari nimemrudishia. Sasa limeandikwa: "Kiendeshi huomba mlango, kiini humpangia, kifaa hupiga hodi." Mwenye istilahi bora kuliko hizo aje nazo, lakini aje kwanza ameuona mlango wenyewe.