Fundi Asichekwe, Apimwe

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba mwenye kuunda ndege uani kwake ana wazimu. Mwaka 2011, Chris Nsamba wa Uganda na wenziwe walipokuwa wakiunda ndege uani kwa mama yake mjini Kampala, wapo waliomcheka. Kicheko hicho ndicho ninachokipinga.

Orville na Wilbur Wright walikuwa mafundi baiskeli wa Dayton, Marekani, wala hawakusoma chuo kikuu. Mwaka 1901 walijiundia sanduku la upepo, wakapima ndani yake mifano ya mabawa ipatayo 200. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao ya mbao na kitambaa iliruka kwa sekunde 12. Kilichowatenga na wendawazimu ni kipimo.

Mbao na kitambaa! Je, sisi wa Unguja ni wageni wa vitu hivyo? Huko Nungwi mafundi huunda majahazi ufukweni pasipo michoro, jicho likiwa ndilo rula. Lakini tusijidanganye: chombo kikivuja, fundi hukipandisha pwani akakikalafati, bawa likivunjika angani, hapana pwani. Kwa hiyo ndege yataka hesabu na ukaguzi kabla ya ujasiri.

Basi kosa ni letu tuliomtenga mwenye randa na mwenye kalamu. Walimu, wapelekeni vijana Nungwi wakapime mataruma na kuyachora. Nanyi wanafunzi, mkimwona mtu anaunda ndege, msimcheke wala msimshangilie; mwombeni awaonyeshe hesabu zake.