Wali, Mafuta na Mlima wa Mahenge

Kila zama na mfungo wake. Wako waliofunga kwa ajili ya dini, wako waliofunga kwa sababu ya umaskini, na katika siku zetu wametokea watu wanaofunga kwa ajili ya elimu, au kwa ajili ya jambo wanalolidhania kuwa elimu. Mfungo wa kundi hili la mwisho huitwa keto. Sharti lake ni kwamba mtu aache wali, ugali, mihogo, ndizi, mkate na sukari, ale samaki, nyama, mayai, mboga za majani na mafuta kwa wingi, mpaka mwili wake uache kutegemea wanga na uanze kutegemea mafuta. Sina ugomvi na mfungaji anayefunga nyumbani mwake. Ugomvi wangu ni na yule anayesimama njiani akawaambia wapitao kwamba wanakula sumu, kisha akaongeza kuwa hata mtu aendeshaye baiskeli kutwa nzima atakwenda mbali zaidi akilisusa bakuli lake la wali.

Nilikutana na mafundisho hayo Ifakara, mahali ambapo sikuyatazamia kabisa. Ifakara ni mji wa mpunga na baiskeli. Bonde la Kilombero ni tambarare, na mashamba ya watu aghalabu yako mbali na nyumba zao. Basi magurudumu mawili yamekuwa miguu ya wenyeji. Mzazi humpakia mtoto nyuma akampeleka shule. Mwanamke huenda sokoni na kapu limefungwa kwenye keria. Mvuvi hupeleka samaki wake. Mkulima hutoa gunia la mpunga shambani, akinyonga pedali juani kwa saa nyingi. Hapana mtu huko anayeuita mwendo huo mchezo, wala hapana anayejiona shujaa kwa kuufanya.

Kiangazi kilichopita nilikuwa mgeni wa dada yangu, ambaye ni mkulima wa mpunga. Mwanawe, mpwa wangu, afanyaye kazi ya ofisini Dar es Salaam, alifika na wenzake wawili, kila mmoja na baiskeli yake ya gia nyingi, wakikusudia kwenda Mahenge na kurudi. Usiku ule dada aliwapakulia wali wa nazi na kambale. Mpwa wangu alikula kambale, akausukuma wali kando. Alipoulizwa sababu, alijibu, "Mama, wanga ni sumu. Nimeuacha huu mwezi wa pili." Mama yake alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi, mwanangu, nilikulisha sumu miaka ishirini, na sumu hiyohiyo niliiuza nikakulipia karo."

Asubuhi waliondoka. Tangu daraja la mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, msafiri wa Mahenge hasubiri tena kivuko. Huvuka mara moja, akaendelea katika tambarare, kisha njia huanza kupanda milima. Katika tambarare vijana wale watatu walikwenda sawa. Mlimani wale wawili waliokula wali walipanda polepole wasishuke. Mpwa wangu alishuka mara nne akaisukuma baiskeli yake, na alifika Mahenge saa nzima baada yao, kichwa kikimuuma. Nilipomuuliza, alisema, "Mjomba, mwili haujazoea bado."

Sitaki kisa hiki kiwe ushahidi. Yamkini alilala vibaya, au wenzake wamejaliwa miguu yenye nguvu zaidi. Mtu mmoja mlimani hathibitishi jambo wala halibatilishi. Lakini lile jibu lake halikunitoka, maana ni jibu lisiloweza kushindwa. Mfungaji akifaulu, tutaambiwa mwili umezoea. Asipofaulu, tutaambiwa haujazoea. Hoja ambayo haiwezi kukosea kwa namna yoyote si hoja ya elimu. Mimi ni mwalimu wa lugha, si tabibu. Walakini kazi yangu imenifunza kuliuliza kila neno lilikotoka kabla ya kulitumia, na nikaona si vibaya kukiuliza chakula swali hilohilo.

Keto ilizaliwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Mwaka 1921 tabibu Russell Wilder wa Mayo Clinic, katika jimbo la Minnesota, Marekani, alipendekeza chakula hiki kwa wagonjwa wa kifafa. Ilikuwa imeonekana kwamba mwenye kifafa akifunga kula, ugonjwa humpungua kumwangusha. Lakini binadamu hawezi kufunga daima. Wilder aliona kwamba mafuta mengi na wanga mchache vyaweza kuuweka mwili katika hali ya mfungaji ijapokuwa mwenyewe anakula. Chakula hicho kingali kikitumiwa mpaka leo, hasa kwa watoto ambao kifafa chao kimeshindikana kwa dawa, na hutolewa kwa vipimo, chini ya macho ya matabibu. Hiyo ni heshima yake, wala siiondoi.

Msomaji atastaajabu kusikia kwamba mji uleule aliokuwa akiupandia mpwa wangu unajulikana katika utabibu wa dunia kwa sababu ya ugonjwa huohuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha Mahenge kliniki ya kifafa, akawatibu kwa dawa watu waliokuwa wakitengwa kwa hofu kwamba maradhi yao huambukiza. Nayatafakari mambo haya mawili pamoja: chakula kilichobuniwa kwa huruma ya wenye kifafa kimefika katika njia ya Mahenge kikiwa pambo la vijana wenye afya, na wanaokivaa hawajui kwa nini kilishonwa.

Kutoka kitandani kilihamia kwenye kiti, nacho pia kina haki yake. Watanzania wamezoea kumsikia Profesa Mohamed Janabi, tabibu wa moyo, akiwaonya juu ya wingi wa wanga na sukari. Onyo hilo ni la kweli kwa mtu akaaye kitini tangu asubuhi, akanywa chai ya vijiko vinne vya sukari, akala sahani ya wali iliyofurika, kisha akarudi nyumbani garini. Mtu huyo akipunguza wanga atapata nafuu, na mwenye ugonjwa wa sukari pengine atapata nafuu kubwa zaidi, mradi asibadili chakula chake bila shauri la daktari ikiwa anatumia insulini, kwa sababu sukari ya damu yaweza kushuka ghafla ikamwangusha. Wala siwatetei walao wali mtupu usio na maharage wala mboga. Kosa halikuanzia hapo. Kosa lilianza pale shauri la mtu wa kitini lilipofanywa sheria ya mtu aliye juu ya tandiko la baiskeli.

Wafungaji wana hoja moja yenye nguvu, na ni haki kuieleza kwa ukamilifu. Mwili huweka wanga katika misuli na ini kwa jina la glikojeni, kiasi cha gramu 400 hadi 500, ambacho hutoa kalori 2000 hivi. Mafuta, hata katika mwili wa mtu mwembamba, yana kalori makumi ya maelfu. Kwa nini basi, huuliza, msafiri wa mbali ategemee kibuyu kidogo naye amebeba pipa? Swali ni zuri. Jibu lake ni kwamba pipa lina mdomo mwembamba. Mafuta hutoka polepole, na kwa kila pumzi ya oksijeni hutoa nguvu pungufu kuliko wanga, kiasi cha asilimia 7 hivi. Katika tambarare, kwa mwendo wa taratibu, upungufu huo hausikiki, maana pumzi ipo ya kutosha. Mlimani, au penye tope, au upepo unapopiga usoni na gunia liko nyuma, kila pumzi ina hesabu.

Haya hayakusemwa na wapenda wali. Mwaka 1939 wataalamu wawili wa Denmark, Christensen na Hansen, waliwapandisha watu juu ya baiskeli ya maabara baada ya kuwalisha siku kadhaa vyakula vya namna mbalimbali. Baada ya chakula cha mafuta walichoka kwa dakika 90 hivi. Baada ya chakula cha wanga walidumu zaidi ya dakika 200. Wafungaji husema siku kadhaa hazitoshi kuuzoeza mwili, na hunyosha kidole kwenye jaribio la Stephen Phinney la mwaka 1983. Yeye aliwalisha waendesha baiskeli wa mashindano chakula cha mafuta kwa wiki nne, na wastani wa muda wao wa kuchoka ukawa dakika 151, ambapo hapo kwanza ulikuwa 147. Ngome yao imejengwa juu ya jaribio hilo. Lakini watu hao walikuwa watano tu. Mmoja wao alizidi sana akauvuta wastani wa wote. Na mwendo walioendeshwa ulikuwa wa kadiri, wala hawakupandishwa mlima. Jaribio hilo laonyesha kwamba mwili waweza kuvumilia. Kuvumilia si kushinda.

Mwaka 2017 Louise Burke na wenzake wa Australia walichapisha jaribio la watembeaji wa mashindano ya kimataifa. Waliokula keto kwa wiki tatu za mazoezi makali walijifunza kweli kuyatumia mafuta kwa kiasi kikubwa sana. Lakini mwendo uleule uliwagharimu oksijeni zaidi, na katika mashindano ya kilomita 10 hawakuwa wepesi kuliko kwanza, hali wenzao waliokula wanga walikuwa wepesi zaidi. Jaribio lilirudiwa, na mwaka 2020 walichapisha matokeo ya namna ileile. Mpwa wangu alikuwa na miezi miwili. Udhuru wa kutozoea umepungua uzito.

Na hata kibuyu kile kidogo hakina lazima ya kukauka, kwa sababu msafiri ana mdomo. Mwendesha baiskeli akila wanga gramu 60 kwa saa, hujaza anapotumia. Kiasi hicho ni ndizi mbili au tatu. Bonde lenye ndizi, lenye mashamba makubwa ya miwa upande wa Kidatu, lenye mihogo na maandazi katika kila kituo, halina haja ya kufundishwa namna ya kusafiri na njaa.

Sasa tumtazame mkulima, maana yeye ndiye sababu ya mimi kushika kalamu. Sheria ya keto humruhusu mtu wanga wa gramu 50 kwa siku, pengine chini yake. Wali uliopikwa una gramu 28 hivi katika kila gramu 100; sahani moja ya mtu atokaye shambani, yenye gramu 400, humvunjia sheria yote mara mbili kabla ya jioni. Ili aitii sheria, itampasa auze mpunga wake wote, anunue nyama, mayai na mafuta ya bei kubwa, kisha apande baiskeli iliyobeba gunia akiwa na nguvu pungufu. Mwenye mshahara aweza kuuita uchaguzi huo nidhamu. Mkulima ameujua kwa jina jingine: katika miezi ya mwisho kabla ya mavuno, ghala linapokuwa tupu, huendesha baiskeli bila wanga pasipo kufundishwa na mtu.

Yabaki maneno, ambayo ndiyo kazi yangu. Katika lugha yetu wanga ni ule unga utokao katika nafaka na mizizi, na wanga vilevile ni watu wazungukao usiku kuwadhuru wenzao kwa uchawi. Naona siku hizi maana mbili zimechanganywa, na chakula kinaandamwa kama mchawi. Lugha hiyohiyo iliuheshimu mmea huu hata ikaupa jina shambani, jina ghalani na jina sahanini: mpunga, mchele, wali. Katika majina hayo matatu hapana lenye maana ya sumu. Anayemwambia mama yake neno hilo mbele ya sahani hatoi habari ya utabibu. Anaitukana kazi ya mikono yake, naye hana hata ushahidi wa kumfariji baada ya tusi.

Nawaomba wanafunzi na wanazuoni wa chuo hiki jambo moja. Mtu akija na sheria ya chakula, aulizwe kwanza: imefanywa kwa ajili ya nani, na mtu huyo anafanya kazi gani? Akitaja mgonjwa, tumpeleke kwa tabibu. Akitaja mtu wa kitini, tumsikilize. Akitaja mwenye safari ya Mahenge na mzigo nyuma, tumwombe apande yeye mbele. Nasi tulio na elimu tuyaandike majaribio haya kwa Kiswahili safi, pamoja na hesabu zake na mipaka yake, ili mkulima wa Ifakara ayapime mwenyewe. Kimya chetu ndicho kilichowaachia uwanja wauza hofu, na aliyelipa gharama yake usiku ule alikuwa dada yangu, aliyeketi mbele ya wali wake mwenyewe akiona haya.