Elimu Tunayouziwa Mara ya Pili

Wengi wetu tulioko ughaibuni tunalijua jina la Elsevier. Ni jina la kuazima. Ukoo wa Elzevir wa Leiden, Uholanzi, ulianza biashara ya vitabu mwaka 1580, na mwaka 1638 ukachapa kitabu cha Galileo, ambaye Kanisa lilikuwa limemfunga mdomo. Kampuni ya leo si ya ukoo huo. Ilianzishwa Rotterdam mwaka 1880, ikajitwalia jina lao. Mwaka 1991 iliinunua Pergamon ya Robert Maxwell kwa pauni milioni 440, na mwaka huo huo ikalipata The Lancet, jarida la tiba lililozaliwa London mwaka 1823.

Hatuna ugomvi na mfanyabiashara auzaye mali yake. Lakini hii ni mali ya nani? Utafiti mwingi hugharamiwa na kodi za wananchi. Mtafiti huandika makala bila kulipwa na jarida, na wenzake huikagua, aghalabu bure. Kisha chuo kile kile huuziwa kazi ya watu wake. Mwaka 2018 faida ya Elsevier ilizidi theluthi moja ya mapato yake. Sisi wahandisi tungesema hivi: mafundi wamejenga daraja kwa kujitolea, halafu mlinzi wa geti anawatoza ushuru wa kulivuka.

Ushuru huo una madhara. Mwaka 1982 watafiti wa Kijerumani waliandika, katika jarida ambalo makala zake leo zinauzwa na Elsevier, kwamba Liberia ihesabiwe miongoni mwa nchi zenye virusi vya Ebola. Ugonjwa ulipoingia mwaka 2014, wakuu wa afya wa Liberia walikuwa hawana habari ya onyo hilo. Mwaka 2015 walieleza kuwa kuipata makala kama hiyo moja kungemgharimu daktari wao dola 45, kama nusu ya mshahara wake wa wiki. Waliberia zaidi ya 4,800 walikufa. Hatusemi kwamba karatasi moja ingewaokoa wote. Tunasema damu ilipimwa kwao, na majibu yakafungiwa kwingine.

Wachapishaji watajibu kwamba tangu mwaka 2002, kupitia mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani, nchi maskini husoma bure au kwa bei nafuu. Ni kweli, na umesaidia wengi. Lakini Januari 2011 Elsevier na wenzake waliiondolea Bangladesh majarida yao, wakayarudisha baada ya kelele. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kinachotolewa kwa fadhila huondolewa kwa barua moja.

Je, tufanyeje? Mwaka 2015 wahariri wote wa jarida la isimu la Lingua walijiuzulu na kuanzisha Glossa, linalosomwa bure. Basi inawezekana. Wenzetu madaktari, wahandisi na wahadhiri, tusiwe vibarua wa bure wa mlinzi wa geti. Tukiombwa kukagua makala, tuulize kwanza nani ataruhusiwa kuisoma. Tukiandika, tuweke nakala katika hifadhi huria ya chuo. Na daktari wa Tabora au Bukavu akituandikia kuomba kazi yetu, tumjibu siku hiyo hiyo.