Pumzi ya Mtoto na Moshi wa Jikoni



Mwezi wa Julai nilisafiri kutoka Mombasa kwenda Kitale kumzuru binti wa dada yangu, aliyeolewa huko. Sisi watu wa pwani huicheka baridi ya bara mpaka itupenye mifupani. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai mtu hatamani kufungua hata dirisha. Basi jikoni mlango ulikuwa umefungwa, magunzi ya mahindi yakiwaka kati ya mafiga, na moshi umetanda mpaka darini. Mtoto wao wa miezi tisa alikuwa mgongoni mwa mamake, akikohoa.

"Khala, ni mafua tu," mpwa wangu akaniambia. Nami, kwa kuwa nilikuwa nikihema tangu niliposhuka basini, nikamjibu kwamba labda ni hewa ya mlimani. Sote wawili tulikosea.

Ni kweli kwamba hewa ya huko ni nyepesi. Kila pumzi uivutayo Kitale hukuletea oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ile ya ufukweni kwetu. Lakini hilo humsumbua mgeni anayepanda ngazi. Mtoto aliyezaliwa huko hana sababu ya kuhema hali amelala.

Mapafu hayana msuli wa kujitanua yenyewe. Chini yake pana kiwambo, msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka na mbavu zikiinuka, kifua hupanuka na hewa huingia. Vikilegea, hewa hutoka. Hewa hupita kooni, ikaingia katika mirija inayogawanyika na kugawanyika tena kama matawi ya mti, hadi kufikia vifuko vidogo vinavyohesabiwa kwa mamia ya mamilioni. Lau kuta za vifuko hivyo zingetandazwa, zingefunika kiasi cha mita 70 za mraba. Hapo ndipo damu huchukua oksijeni na kuiacha hewa ya kaboni itoke.

Ndani ya mirija mna vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyopepea mchana na usiku vikiusukuma juu ute ulionasa vumbi na vijidudu. Moshi hukidhoofisha kikosi hiki cha wafagiaji. Vijidudu vikipata njia, vifuko hujaa majimaji na usaha pahali pa hewa. Hiyo ndiyo homa ya mapafu, ambayo wazee wetu waliiita kichomi. Shirika la Afya Duniani husema kwamba moshi wa nyumbani hukaribia kuizidisha maradufu hatari ya mtoto mdogo kuugua hivyo. Naye akikosa oksijeni, mwili wake hauna hila nyingine ila kupumua mbio.

Kwa hiyo mbio hizo zahesabika, na kila mama aweza kuzihesabu. Mngoje mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mfunue kifua, utazame saa, uhesabu kila kinapoinuka kwa dakika moja kamili, si nusu yake. Mtoto anayekohoa au kupumua kwa shida apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akifikisha pumzi 50 au zaidi, ikiwa ametimiza miezi miwili na hajafika mwaka. Aliyetimiza mwaka na hajafika miaka mitano, kiwango chake ni 40. Mchanga wa chini ya miezi miwili ni 60. Na ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu kila avutapo pumzi, au hawezi kunyonya, au midomo imegeuka rangi ya buluu, usihesabu tena. Ondoka naye, hata kama ni usiku wa manane.

Wetu tulimhesabia 58. Hospitalini alipewa vidonge vya kuyeyusha katika maji, na mamake akaulizwa anapikia nini, na wapi. Siku ya tano tulihesabu 36.

Kabla ya kurudi pwani nilipitia Bungoma, kwa mavyaa wa mpwa wangu. Jikoni mwake mna jiko la udongo lililojengewa, na juu yake tundu kubwa ukutani linalotoa moshi. Nilipomsimulia yaliyotupata, alinyamaza kidogo, kisha akasema fundi aliyelitoboa tundu lile angali hai, naye atamtuma Kitale juma lile lile.

Nasi wa pwani tusijione tumesalimika kwa sababu twapikia uani. Chumba cha mzazi katika zile siku arubaini hufungwa madirisha, kikafukizwa udi na ubani asubuhi na jioni, na mchanga yumo ndani. Harufu ni nzuri, lakini moshi ni moshi. Nimekuwa nikifanya hivyo kwa wajukuu wangu wote. Sasa chetezo nakiweka uani, nafukiza nguo, kisha nguo ndizo zinazoingia chumbani.

Juma lijalo, in shaa Allah, tutazungumzia pumu, kwani walioniuliza habari zake ni wengi.