Sura Iliyovaliwa Kifuani

Malkia Victoria wa Uingereza alifiwa na mumewe Albert mwezi wa Desemba, 1861, akavaa nyeusi hata kufa kwake mwaka wa 1901. Wanawake wengi nao walivaa vidani vya kufunguka, ndani yake mna sura ya marehemu, pengine na nywele zake. Hapo kale sura hizo zilichorwa kwa rangi za maji juu ya kipande chembamba cha pembe ya ndovu, na wenye mali ndio walioziweza. Picha za kamera, zilizotangazwa mwaka wa 1839, ziliwafikishia hata wasio matajiri. Basi ukipata kidani kama hicho, usikitie majini. Maji yakipenya huiharibu sura, nayo labda haina nyingine.