Maikrofoni ya mshika usukani
Wapo wanaolalamika kwamba televisheni huwapa wanamichezo wastaafu maikrofoni kwa ajili ya medali tu, na hawajakosea sana: medali haimfundishi mtu kutangaza. Lakini mtazame Garry Herbert, Mwingereza aliyeshika usukani wa boti kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992, akabubujikwa na machozi jukwaani, kisha akawa mtangazaji wa mbio za makasia BBC. Wapiga makasia huupa mgongo mstari wa mwisho. Mshika usukani ndiye anayeona mbele, na kazi yake ni kusema nani yuko wapi na kasi iongezwe lini. Utangazaji ndio huohuo. Siku ile wenzake, ndugu wawili Searle, waliwapita Waitalia, ndugu Abbagnale, mabingwa wa 1984 na 1988, mita 2,000 zikiwa ukingoni. Katika Michezo ya Los Angeles 2028, mbio za makasia zitafanyika Long Beach kwa mita 1,500 tu. Robo ile ya mwisho iliyomvisha Herbert dhahabu haitakuwepo! Takwimu hata msoma habari atazisoma. Hesabu mpya ya pumzi anaijua aliyewahi kukaa ndani ya boti. Maikrofoni wapewe hao.